Tangi Limejaa, Cheni Inaungua

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea msumeno wa betri kutoka mji wa Wote. Aliuweka mezani, juu ya gazeti nililokuwa nikisoma, akasema, "Mzee, hii kitu haitoi oili. Nimeangalia kwa simu, wanasema nibadilishe pampu." Nikamuuliza kama amesafisha tundu la oili kwenye bapa. Akaniuliza, "Tundu gani?"

Kwa hivyo nimeamua kuandika. Vijana, msumeno wenu hauna petroli, hauna plagi, wala hauna kamba ya kuvuta mpaka bega liteguke. Hongereni. Lakini cheni ni ileile ya chuma, na inazunguka kwenye bapa lilelile refu la chuma. Chuma kikisuguana na chuma bila oili kitaungua, iwe kinazungushwa na betri, na injini au na hasira. Kwa hivyo kabla hujagusa pampu, toa bapa. Utaona kitundu kidogo upande unaoingia kwenye mashine. Hapo ndipo oili inapopitia, na hapo ndipo unga wa mbao unapojikusanya ukichanganyika na oili mpaka uwe kama ugali uliolala. Ondoa huo ugali. Kisha safisha mfereji unaozunguka ukingo wa bapa. Sisi tulitumia spoku ya baiskeli iliyopondwa kwa nyundo ikawa nyembamba, na sijaona chombo cha dukani kinachoishinda. Ukimaliza, geuza bapa juu chini kabla ya kulirudisha, ili lisilike upande mmoja. Na usikaze cheni kama waya wa gitaa. Ikikazwa hivyo, hata oili haina pa kupita.

Yule kijana alifanya hayo yote akiwa amenuna, msumeno ukatoa oili. Lakini usiniamini kwa sababu nimezeeka. Jaribu mwenyewe, na nikikosea njoo uniambie. Mimi pia sikumwamini mtu, na ndiyo maana niliingia kwenye kazi hii.

Niliingia kwa sababu chuo kikuu kilifungwa. Kulikuwa na fujo, tukarudishwa nyumbani, hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Nilikuwa nasoma fizikia na nilikuwa nabishana na kila mtu, hata na kondakta, hata na padre. Mama yangu alinivumilia kwa muda, kisha akaniambia nitafute kazi mjini Kitui kabla mdomo wangu haujaniletea askari nyumbani. Nikapata kazi kwa Bwana Salim.

Bwana Salim alikuwa mtu wa Pwani. Alikuwa na duka la nafaka pale mjini, na nyuma ya duka gereji ya kutengeneza posho mill, yaani mashine za kusaga mahindi, pampu za maji na kadhalika. Alikuwa pia na pawa so moja, ndivyo tulivyouita msumeno wa injini, aliyoikodisha pamoja na mtu wa kuiendesha. Alikuwa muungwana, mkali kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa kirefu na kizuri kama kilimo cha matuta. Kikamba alijua cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kuikataa.

Mwendeshaji wa pawa so alikuwa Mutua, kutoka Nunguni, kule milimani upande wa Makueni. Mrefu, mwenye kelele, akiimba nyimbo za kanisa huku injini ikinguruma, hata kama hakuna anayemsikia. Nilimuuliza anamwimbia nani. Akasema, "Mti, Profesa. Wewe ungependa kuangushwa kimya kimya?" Aliniita Profesa tangu siku ya kwanza, na haikuwa sifa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa cheni kwa tupa. Alinifundisha pia kwamba oili chafu iliyotolewa kwenye lori ina unga wa chuma ndani, na ukiiweka kwenye pampu umeiwekea mchanga. Nilipomuuliza kwa nini oili ileile inamwagika kama maji Kitui, na Nunguni mwezi wa saba inagoma kutoka, alinieleza kuhusu baridi kwa kisa cha kaka yake. Asubuhi zile za ukungu Mutua alikuwa akiweka debe la oili jikoni, mbali kidogo na mafiga, lipate joto kabla ya kazi. Siku moja kaka yake akaona linachelewa, akalisogeza. Debe lilikuwa la plastiki. "Likayeyuka," Mutua alisema. "Kuku wote wa mama waliteleza wiki nzima. Jogoo alikuwa akikimbilia mahindi anapita mahindi."

Sasa niwaeleze ule mwaka wa Matinyani, nje kidogo ya mji wa Kitui.

Akina mama wa huko walikuwa na mwethya, yaani kikundi cha kufanya kazi kwa pamoja: leo shamba la huyu, kesho bwawa la wote. Safari hii walikuwa wanajenga darasa la watoto wadogo. Mkulima mmoja aliwapa mikaratusi yake iliyosimama kando ya mto, wakaikodi pawa so ya Bwana Salim iiangushe na kuikata nguzo. Siku ya mwethya kila mwanamke huacha kazi yake nyumbani. Wakija na mti hauko chini, siku yao imepotea, na hakuna wa kuirudisha.

Mutua akaenda, akaanza. Mti wa kwanza ukaanguka. Alipoanza kuukata vipande, cheni ikatoa moshi, ikalegea, na bapa likageuka rangi ya buluu. Akina mama wakarudi nyumbani mikono mitupu. Bwana Salim akanung'unika, akatoa bapa jipya na cheni mpya, na akamwamuru Mutua jambo moja: tangi la oili alijaze mpaka shingoni kila asubuhi. Siku ya mwethya iliyofuata mambo yakawa yaleyale, tena upesi zaidi. Bwana Salim akaja mwenyewe na pikapu, nami nikiwa nyuma. Tulimkuta Mutua ameinama juu ya msumeno unaofuka, na akina mama wamesimama kumzunguka.

"Mutua, oili iko wapi?"

"Iko ndani, Bwana Salim. Fungua uone."

Bwana Salim akafungua kifuniko, akachungulia. "Imejaa."

"Si nimekuambia?"

"Imejaa sasa hivi, maana umeisikia pikapu yangu. Cheni imeungua kavu, tangi limejaa pomoni! Wanifanya mimi mtoto? Oili yangu wamuuzia mwenye posho mill, wafanya kazi kavu, ukisikia gari waja kujaza."

"Mimi?"

"Wewe. Mwizi mkubwa."

Hilo neno akina mama hawakuhitaji kutafsiriwa. Kiongozi wao, Mama Kalunde, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye kila mtu alinyamaza ili aisikie, alimtazama Mutua machoni. Nadhani Mutua angependa atukanwe kuliko kutazamwa vile. Bwana Salim akauchukua msumeno, akaulaza kwenye pikapu katikati ya magunia ya pojo aliyokuwa amenunua njiani. Mutua akaweka tupa yake mfukoni akaondoka kwa miguu. Kesho yake tukasikia amerudi kwao Nunguni.

Niliambiwa niupime msumeno gerejini. Niliweka cheni nyingine, nikafungua kifuniko, nikaona oili, nikafunga, nikawasha. Cheni ikalowa vizuri. Bwana Salim akaja kuangalia, mikono nyuma.

"Waona? Chombo ni kizima. Mbovu ni mtu."

"Lakini Bwana Salim, kama alikuwa anaiba oili, kwa nini aunguze bapa? Mwizi gani anaacha moshi?"

"Huko chuoni wawafundisha kutetea wezi?"

"Wanatufundisha kuuliza."

"Basi uliza huku ukifagia."

Nilifagia. Lakini lile jambo halikuniacha. Nilipima tena siku iliyofuata. Nikafungua kifuniko, nikatazama, nikafunga, nikawasha: oili ikatoka. Kila nilipopima, Mutua alizidi kuonekana mwongo, na hilo liliniudhi, kwa sababu mwongo yeyote niliyewahi kumjua angalau angetafuta uongo mzuri zaidi ya huo. Tangi limejaa, cheni imeungua. Nani angetunga kitu kama hicho?

Siku yangu ya mapumziko ilipofika nikapanda basi kwenda Nunguni.

Nilimkuta Mutua na kaka yake, yule wa debe, wakipasua mbao kwa msumeno wa mkono, mmoja juu ya gogo na mwingine chini. Kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Mutua alikuwa juu. Hakushuka.

"Profesa! Umetumwa uchukue na tupa?"

"Sijatumwa. Nina maswali."

"Wewe ukikosa maswali utakufa. Uliza."

"Niambie siku ile tangu asubuhi. Kila kitu."

"Nimejaza oili mpaka shingoni, vile mzee alisema. Nikawasha. Cheni iko sawa, inang'aa. Nikaangusha mti. Nikaanza kukata, cheni ikakauka. Nikazima, nikafungua kifuniko, nikaona oili iko. Nikafunga, nikawasha, ikatoa tena. Kidogo tu. Ikakauka. Hiyo mashine ilikuwa inanicheka."

"Ulipofungua kifuniko uliona nini?"

"Si nimekuambia? Oili." Akafuta jasho. "Ikapumua."

"Ikapumua vipi?"

"Fsss. Kama soda."

"Ulimwambia Bwana Salim?"

"Siku ile ya kwanza nilimwambia inapumua. Akasema hata yeye anapumua."

Kaka yake chini akacheka mpaka unga wa mbao ukamwingia mdomoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria yule mtu wa gerejini, yaani mimi mwenyewe, na kitu cha kwanza anachofanya kila akipima: anafungua kifuniko. Ikiwa kule Matinyani kufungua kifuniko kunaifanya itoe oili tena, basi mimi nilikuwa nautibu msumeno kabla ya kuupima, kisha nasema hauna ugonjwa.

Niliporudi Kitui nilifanya kinyume. Nilijaza tangi mpaka shingoni jioni, nikalifunga, na asubuhi sikuligusa. Nikaburuta gogo la mkaratusi nyuma ya gereji, nikawasha, nikakata, nikakata. Mwanzoni cheni ilikuwa imelowa. Baadaye ikaanza kung'aa kavu, na harufu ya chuma moto ikapanda. Nikazima. Kulikuwa na kuku wa jirani pale uani. Nikaokota unyoya wake mmoja mdogo, ule laini wa tumboni, nikauweka karibu na kifuniko, nikakilegeza polepole.

Fsss. Unyoya haukupeperushwa. Ulivutwa, ukaganda kwenye ukingo wa kifuniko.

Soda hutoa hewa. Hii ilikuwa inaivuta ndani. Pampu ilikuwa inanyonya oili kutoka tangini, na hakukuwa na hewa ya kuingia kuchukua nafasi yake, hivyo mvuto ulizidi mpaka pampu ikashindwa. Ukitaka kuelewa, geuza chupa ya maji uwe unanyonya bila kuachia midomo. Itafika mahali maji yanagoma. Na ukilijaza tangi mpaka shingoni, hewa iliyobaki juu ni kidogo sana, kwa hivyo linagoma mapema zaidi. Ile amri ya Bwana Salim ndiyo iliyouharakisha ugonjwa. Mimi gerejini nilikuwa nawasha kwa dakika chache tu, tena kwa tangi nililolifungua muda mfupi uliopita.

Kila tangi la aina ile lilikuwa na mahali pa kupumulia. La kwetu lilikuwa kwenye kifuniko, kijitundu kama cha sindano. Nilikitafuta sikukiona. Nikakwangua kwa ukucha. Kitu laini cha manjano kikatoka. Nikakinusa. Kilinukia asali.

Nikaenda nacho dukani. Bwana Salim alikuwa anapima pojo.

"Bwana Salim, nani ameweka nta hapa?"

Akaendelea kupima mpaka mizani ikatulia. Kisha akakichukua kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Ilikuwa yavuja," akasema. "Kila nikiulaza kwenye pikapu yavuja. Gunia zima la pojo lilirudishwa, mteja aniambia pojo yanuka gereji. Nikaziba. Kwani mji huu nani hazibi kwa nta? Kibuyu kikipasuka, nta. Mzinga ukivuja, nta. Sufuria—"

"Sufuria haina pampu, Bwana Salim."

Akakaa juu ya gunia. Nitampa haki yake: hakusema si yeye, hakusema ni jini, hakuuliza nani aliniambia nichunguze. Alikigeuzageuza kifuniko mkononi huku mteja wake akisubiri.

Hapo hapo niwaambie vijana: msumeno ukivuja ukiwa umelala, usizibe. Mingi huvuja kidogo, ndiyo desturi yake. Usafirishe ukiwa umesimama, au uweke gunia kuukuu chini yake, na nafaka uweke mbele na dereva. Na ukiambiwa chombo ni kizima kwenye meza ya fundi na kibovu shambani, usimwite mtu wa shambani mwongo kabla hujajua fundi anakifanya nini kile chombo kikifika mezani.

Bwana Salim alituma ujumbe Nunguni kupitia dereva wa basi: kazi ipo, Mutua arudi, tatizo limeonekana. Jibu likaja na dereva yuleyule, aliyelisema dukani kwa sauti ya kutosha wateja wote. "Mutua anasema atarudi. Lakini aliitwa mwizi Matinyani. Anasema hilo neno liondolewe huko huko, mbele ya wale akina mama, siku ya mwethya. Bila hiyo, anapasua mbao na kaka yake mpaka kufa."

"Mimi nisimame mbele ya wanawake nijieleze?" Bwana Salim alinigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye dereva. "Umri huu?"

"Ulisimama mbele yao ukamshtaki."

"Nitaajiri mtu mwingine. Machakos wamejaa."

Na angeweza. Sikujua angefanya nini. Wiki ile hakuzungumza nami ila kwa lazima, na mara mbili nilimwona akiulizia waendeshaji pale stendi. Mimi nilizibua kijitundu, nikaweka bapa jipya, nikaunoa msumeno kama alivyonifundisha Mutua, bila kujua nani atauendesha. Asubuhi ya mwethya nikamkuta Bwana Salim amesimama kando ya pikapu, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia kichwani. Nyuma hakukuwa na gunia hata moja. Msumeno aliuweka wima, ameufunga kwa kamba.

"Twende," akasema. "Na usiniulize kitu njiani."

Mutua alikuwa ameshafika; kumbe Bwana Salim alikuwa amemtumia ujumbe wa pili bila kuniambia. Alisimama mbali kidogo, ameegemea mkaratusi, hakuja kutusalimia. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye magogo ya siku zilizoharibika. Bwana Salim akashuka, akasafisha koo. Mama Kalunde, aliyekuwa na Kiswahili, akasimama kando yake kuwatafsiria wenzake.

"Mabibi zangu waheshimiwa," alianza, "nawasalimu nyote. Mambo ya mitambo yana siri zake. Chombo chaweza kuonekana kizima ilhali ndani kina dhiki. Katika chombo hiki pana kijitundu, kidogo mno, ambacho kwa nia njema kabisa, na kwa ajili ya kuhifadhi usafi wa bidhaa, kilipata kuzibika. Kuzibika huko kukaleta upungufu wa hewa, na upungufu wa hewa ukaleta kukauka, na kukauka kukaleta moshi, na katika ule moshi, mabibi zangu, ulimi wa binadamu waweza kuteleza ukatamka lile ambalo moyo, lau ungalipewa nafasi ya kutafakari—"

Akaendelea. Ilikuwa hotuba nzuri, sikutarajia iwe nzuri vile. Alipomaliza alijipangusa uso kwa leso. Mama Kalunde alisubiri kidogo kuhakikisha hakuna nyingine inayokuja, kisha akawageukia wenzake, akasema kwa Kikamba, kwa ile sauti yake ndogo:

"Anasema ni yeye aliyeziba. Mutua hakuiba."

Akina mama wakacheka, mmoja akapiga kigelegele. Mama mmoja mzee akainuka, akaenda pale kwenye mkaratusi, akamshika Mutua mkono kwa mikono yake yote miwili. Mutua alikuwa anatazama chini.

Bwana Salim akanisogelea. "Mimi nimesema mengi, naye amesema machache. Ametafsiri yote?"

"Yote, Bwana Salim. Hakuacha kitu."

Akafikiria hilo, akimtazama Mutua anayekuja kuchukua msumeno.

"Afadhali," akasema. "Maana mimi sikujua namna ya kuliondoa lile neno."

Mutua akampita bila kusimama, lakini alipompita akasema, "Rudi nyuma kidogo, mzee, kanzu itachafuka." Kisha akavuta kamba, na akina mama wakaanza kujifunga leso viunoni.